Matundu ya Sindano

"Usiifungue," Ogweno ananionya. "Ukifungua, bei imekufa."
Jumapili, Kibuye. Gunia limetandazwa chini:
bawaba, kufuli zilizopoteza funguo,
pasi ya makaa isiyo na kifuniko,
na katikati yake pakiti ya Jogoo Mwekundu,
sigara kumi, haijaguswa tangu enzi za senti yenye tundu.

Naigeuza. Naiinua juani.
Anadhani napima uhalali wa mali yake.
Natafuta jambo jingine.

Mimi, niliyetumikia wodi ya kifua miaka ishirini na saba,
niliyeujua moshi kwa upande wake wa nyuma,
upande wa kikohozi na beseni,
ndiye mwenye makopo matatu ya biskuti chini ya kitanda,
yamejaa pakiti tupu na naftalini.
Mwanangu Adongo husema: mama, hii ni sawa na
askari wa gereza kukusanya pingu.
Simjibu. Pengine ni kweli.

Wenzangu wa mchezo huu hupenda safi.
Ramniklal wa duka la vitambaa hutumia kibanio cha stempu,
hapumui akishika kadi.
Kadi zake zilitoka kwenye mikebe ya tumbaku ya makarani wa reli:
ndege hamsini wa Ulaya, vifua vyao rangi ya chai,
hakuna hata mmoja aliyewahi kutua Dunga.
Yeye ana namba thelathini na saba. Mimi nina kumi na mbili.
Miaka tisa tunaviziana kama wakewenza,
kila mmoja akimsubiri mwenzake afe au afilisike.
"Kumi na mbili hajambo?" huniuliza mlangoni.
"Anakusalimu," namwambia,
na kuondoka naye mkobani.

Lakini mimi hupenda zilizochafuliwa.
Ile ya kijani ina hesabu ya mbao, imejumlishwa vibaya.
Ile yenye meli: *Mwambie Achola mbuzi amezaa.*
Nyingine ina jina la kituo, Muhoroni, na saa,
na hakuna ajuaye nani alimngoja nani.

Dani, mama yake baba, hakujua kuandika.
Aliuza omena na ngege kule Usoma,
sigara kinywani, moto ukiwa ndani,
upepo wa ziwa ukikosa cha kuzima.
"Dani, huungui?"
"Mate ni ya nini?"
Karatasi ya fedha alinisokotea hereni.
Ganda lenyewe lilikuwa daftari:
sindano ya kushonea, tundu moja, samaki mmoja,
pakiti moja, mdaiwa mmoja,
na picha ya jogoo au ya meli ndiyo iliyomwambia ni nani.
Akilipwa, aliitia motoni.
Alipozikwa, tulichoma zilizobaki pamoja na mkeka wake.
Hatukujua tunasamehe madeni ya watu.

Namrudishia Ogweno jogoo wake mzima.
"Na hii?" Iko chini ya pasi, imebonyea, imepauka.
"Hiyo imeliwa na wadudu. Chukua tu, bure."
Naiinua. Jua la saa sita linapenya humo
na kuniangukia kiganjani:
tatu, tatu, na moja pembeni
kama iliyosahauliwa ikaongezwa jioni.
Wadudu hawapangi mistari.

Sisemi ni yake. Wachuuzi walikuwa wengi ufuoni,
na sindano haina mwandiko.
Naifunga kwenye leso,
namwachia Ogweno shilingi hamsini asizoziomba,
naelekea zangu Kondele,
nikiwatazama wazee ninaopishana nao, mmoja mmoja,
nani kati yao ana uso wa samaki saba.