Msikichomoe

Nondo ilikuwa ya milimita kumi na mbili.
Najua, kwa sababu niliishika
kutoka Kisinga hadi Fort Portal,
mimi mpika uji wa mafundi,
niliyeitwa kwa vile mikono yangu imezoea sufuria
na haitetemeki.

Muhindo alianguka kutoka ghorofa ya pili ya shule,
ghorofa ambayo bado haikuwepo, mbao tu na kamba,
akatua juu ya chuma kilichosimama kikingoja zege.
Kiliingia chini ya chuchu ya kushoto.
Mgongoni hakikutoka.
Hakulia. Alihema fupi fupi
kama mtu anayepuliza chai.

Baluku akasema mwiba uingiapo ndipo utokeapo,
akakikamata kwa mikono miwili.
Ndipo Sista Ithungu akatokea mbio,
kandambili moja mguuni, moja mkononi:
Msikichomoe!
Hicho kilichotoboa ndicho kizibo.
Mwiba utatoka, Baluku,
ila si hapa, na si kwa nguvu zako.

Walikikata kwa msumeno.
Mmoja akikata, mwingine akimwagia maji,
maana chuma kikisuguliwa huwaka
na moto husafiri ndani yake hadi kwenye nyama.
Mimi nilishika katikati, baina ya msumeno na mbavu,
ili mtikisiko uishie kwangu.
Uliishia kwangu.
Viwiko vyangu vinaujua hadi leo.

Sista akachana lesu yangu, akakisukia chuma kiota.
Pikapu ya mnunuzi wa kahawa, magunia chini, sisi juu.
Ng'oa, alininong'oneza Muhindo. Dada, ng'oa.
Nikamwambia nyamaza, ukimaliza pumzi utanilipa na nini,
una deni la vikombe tisa.

Darajani Nyamwamba nikahisi
chuma kinadunda.
Si gari. Nilihesabu.
Gari lilikuwa na mashimo yake,
chuma kilikuwa na mapigo yake.
Sijawahi kumshika mwanamume karibu hivyo,
hata yule niliyezaa naye.

Daktari Kabasinguzi hakukigusa chuma. Alinigusa mimi:
Usiachie mpaka nikuambie.
Wakanivisha kofia, wakanifunika mkono kwa kitambaa cha kijani,
nikaingia chumba ambacho mpika uji haingii.
Aliposema sasa,
vidole vilikataa.
Walivifungua kimoja kimoja.

Baadaye, mpira kati ya mbavu,
na chupa sakafuni ikitokota bila moto.
Msiiinue juu ya kifua chake, wauguzi walituonya,
maji yasije yakamrudia.
Akapewa glovu aipulize, mapafu yakunjuke.
Siku ya kwanza kiliinuka kidole gumba tu.
Siku ya sita mkono mzima ukasimama
kama mwanafunzi anayeomba kusema.

Mkandarasi alipiga simu.
Alitaka kujua nani atalipa ile nondo.

Kipande kiko jikoni kwangu, sentimita thelathini na moja.
Nachokolea makaa.
Hakidundi tena.
Lakini alfajiri, kabla sijawasha moto,
hukishika kidogo,
nikasikiliza.