Jirani wa Chini

Mzigo wa mwenzio, walisema, ni kanda la usufi.
Waliosema hawakulala chini ya lita mia sita.

Mimi nililala. Ghorofa ya tatu, Ostrava,
jengo la zege ambalo kikohozi cha mtu hakina siri,
na juu ya kitanda changu, tangu Jumamosi ya kwanza ya Novemba,
msumeno ulikoroma mchana kutwa.

Nikapanda na hasira yangu na barua ya malalamiko.
Vratislav akafungua, unga wa mbao umemjaa nyusi.
Hakuuliza nimefuata nini. Akanipa ncha ya futi:
"Shika hapo, Bi Hedvika. Usitikise."
Nikashika.
Mpaka leo sijui kwa nini nilishika.

Nguzo sita za msonobari zilikuwa zimelala zuliani.
"Skrubu ni kamba tu," alisema, "zinazuia mbao zisizurure.
Mzigo usiubebeshe skrubu. Mzigo ukae juu ya mti,
mti juu ya mti, hadi sakafuni,
kama mtu aliyeketi,
si kama koti lililotundikwa."

Na chuma je? Mwanangu angekuchomea fremu kwa siku moja.

Akaweka patasi chini.
Miaka ishirini na sita alishinda chini ya mji huu
akisimamisha magogo kuzuia dari la mgodi.
"Chuma nakiheshimu, lakini ni bubu.
Kinabeba, kinabeba, kinabeba, halafu hakipo.
Mti husema. Hulia kwanza, kisauti chembamba,
ukikisikia una muda wa kukimbia.
Nimekimbia mara mbili.
Bohdan masikio yake yalikuwa mabovu."
Akachukua randa. Tukanyamaza urefu wa ubao mzima.

Nyuma ya barua yangu tukapiga hesabu:
maji kilo mia sita, kioo tisini na tano,
mchanga na mawe themanini, mbao zenyewe hamsini.
Samaki kumi na wawili, wote pamoja,
hawafiki nusu kilo.
Nilicheka hadi nikakaa juu ya kopo la vanishi.

Stendi tuliiegemeza ukuta unaobeba jengo,
si ule wa sebuleni unaobeba picha za harusi.
Akaweka pimamaji juu; kiputo kikakimbilia kushoto.
Sakafu imeinama, alisema, mtaa wote umezama kidogo,
tumechimba mno huko chini.
Alisema "tumechimba" kama mtu anayekiri deni dukani,
akagonga kabari za mwaloni chini ya miguu miwili,
taratibu, nyundo ikibusu tu,
hadi kiputo kikarudi katikati kikatulia.

Tangi lilipandishwa na wanaume watano na matusi mengi.
Maji hakuyatia siku moja. Robo Jumapili,
robo Jumatatu, mpira ukitoka bafuni,
na kila robo alizima redio akasubiri.
Tulipatana: akisikia lolote atagonga bomba la hita mara tatu,
nami nitoke na koti langu na paka.

Jumatano, robo ya mwisho. Nililala na viatu.
Saa nane za usiku nikakisikia,
kisauti chembamba, hasa kama alivyosema.
Nilikaa kitandani mkono juu ya paka.
Moja ya bomba.
Nikangoja ya pili.
Ya pili haikuja. Ikaja sauti yake, kwenye ngazi, amevaa soksi:
"Ni goti langu, Hedvika! Nilichuchumaa kutazama!
Mti haujasema kitu!"

Nikavua kiatu kimoja.
Cha pili nilikivua siku iliyofuata, baada ya kupanda juu
kuwaona wale kumi na wawili wakielea
bila kujua uzito wa chochote.