Herufi Kwenye Kofia

Shekue wa msikitini ameingia na amplifaya begani
na fyuzi tatu zilizokufa, amezifunga kwa karatasi ya kashata.
"Tatu kwa juma moja, dada Swabra! Nipe yenye nguvu."

Nguvu siyo kasoro.
Nazigeuza chini ya lenzi: mrija wa kioo, uzi mwembamba kama unywele,
umekatika katikati, safi, bila masizi.
Kwenye kofia ya chuma, herufi ndogo: F.
Ya haraka. Haikukosea. Ilitumwa kazi isiyo yake.

Transfoma hii, namwambia, ni kama mtu anayefuturu:
tonge la kwanza kubwa, kisha anakula kwa adabu.
Ukiiwasha humeza ampea kumi, kufumba na kufumbua,
halafu inatulia kwenye moja na nusu usiku kucha.
Fyuzi ya haraka huliona lile tonge la kwanza,
hupiga unyende, hufa.

Nampa yenye T. Ampea zilezile mbili, volti zilezile,
ila uzi wake umeviringwa kama springi
na una tone la bati tumboni
linalofikiri kabla ya kuyeyuka.
"Na ile karatasi ya sigara uliyoizungushia juzi, Shekue,
nisiione tena. Ile haina herufi."

Anacheka, anaweka hamsini mezani.
"Kumbe polepole ndiyo bora," asema akiwa mlangoni.
"Haraka haraka haina baraka."

Hapo nanyamaza.

Kuna droo ya chini ambayo siifungui mbele ya wateja.

Ule mwezi stima ilipokuwa ikipotea na kurudi kama mgeni asiye haya,
mashine ya kupima damu ilivuka feri kutoka Mtongwe,
magotini mwa muuguzi Mwanatumu.
Ijumaa, saa sita na robo,
maduka ya Barabara ya Biashara yakishusha mabati.
Mgongoni mwake pameandikwa F, ampea mbili.
Kopo langu la F lilikuwa tupu.
Nikatia T. Nikasema: ampea ni ampea.

Jumatatu stima ikarudi kwa kishindo.
Kitu ndani kikalegea, ampea nne zikapita njia ya mbili,
na fyuzi yangu ikavumilia.
Ikavumilia sekunde ya kwanza, ya tatu,
ya tisa.
Subira yavuta heri; ile ilivuta moshi.
Nyuma yake transista, mojamoja,
zikafa zikiilinda fyuzi.

Mwanatumu aliirudisha. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.
Alisema tu: wenye kisukari sasa wanapanda feri kupimwa.
Nikafungua. Ubao mweusi, harufu kama ya kucha iliyoungua,
na katikati ya msiba, fyuzi, nzima, inang'aa,
kama bawabu aliyelala wezi wakipita,
shati lake halina mkunjo.

Ningemwambia Shekue kwamba ipo haraka yenye baraka,
lakini ameshavuka barabara, amplifaya begani,
anapigia honi kwa mdomo wake mwenyewe.

Alasiri, adhana inatoka Mwembe Kuku bila kukatika.
Navuta droo ya chini. Naigusisha mita ncha kwa ncha,
kama nifanyavyo kila mwaka.

Tii, inalia.
Bado inapitisha.