Swali la Kumi na Nne

Swali la kumi na nne lina visanduku vinne:
hakuna, mara moja, mbili, tatu au zaidi.
Tulilijaribu Makutupora, tukalipiga pasi chuoni,
mhadhiri akasema sasa limenyooka.

Chipanga, saa tano, jua limeshakaa.
Kaya ya sitini na mbili, kwa kuruka nyumba tano tano
kuanzia mashine ya kusaga.
Mbukwenyi, nikabisha.
Jina lake nimeahidi kulificha;
hapa nitamwita Nyamwanji.
Alikuwa anapeta uwele.
Nikamsomea ridhaa: unaweza kukataa,
unaweza kuacha katikati.
"Nikikataa napata nini?"
Hakuna, mama.
"Nikikubali?"
Hakuna, mama.
Akacheka, akanisogezea kigoda.

Jana kaya yako ilikula mara ngapi?

Ungo ukasimama.
"Kaya ndiyo nani?"
Wanaokula chungu kimoja, nikasema,
kama kitini kinavyotaka.
"Basi Ndahani yumo. Yuko Manyoni na ng'ombe wa watu,
ila mkono wake unafika kwa simu, tunanunua, tunapika.
Na mtoto wa jirani yumo, jana alilamba mwiko.
Mimi ndiyo sijui kama nimo.
Nilionja mlenda kama chumvi imekolea.
Hiyo nayo ni mara?"

Kidole changu kikaelea juu ya kioo cha kishikwambi.
Upepo wa Bahi ukamwaga vumbi juu ya visanduku vyote,
bila kubagua.

"Na wewe? Jana ulikula mara ngapi?"
Tatu, nikajibu. Upesi.
Posho haijaingia tangu Jumatano;
jana ilikuwa chai na andazi, nikalala.
Alinitazama mikono, si mdomo.
Akaingia ndani, akatoka na karanga za kuchemsha,
gao moja, bado zina moto.
Ukurasa wa tisa: mdadisi asipokee chochote.
Nikapokea.
Sikujua nizihesabu upande wake au wangu.

Usiku, Nkuhungu, simu ya mhadhiri:
"Sitini na mbili mbona tupu? Jaza tisini na tisa."
Tisini na tisa, yaani hakuna jibu.
Nimejaza.

Maganda yako mezani.
Nimerudi kwenye kaya sitini na moja za mwanzo,
moja moja, na kalamu nyekundu.
Arobaini na nane walisema tatu.

Najaribu kukumbuka
nani alisema upesi.