Rangi Iitwayo Ukungu

Wanasema kizuri chajiuza.
Waliosema hawajauza nyumba Orrin Prairie, Iowa,
mwezi wa Novemba, mahindi yamekwisha kuvunwa,
barabara inaonekana hadi mwisho wake,
na mnara wa maji umesimama peke yake
kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Hapa kizuri hupakwa rangi kwanza.
Ndiyo kazi yangu. Dalali hupiga simu,
nami huja na makopo, ngazi, mito ya kukodi,
kuwatoa wenye nyumba ndani ya nyumba yao.

Ya Ardith Tvedt ilinila siku tisa.
Jikoni, ukutani, majogoo mia mbili na sita
(niliwahesabu, karatasi ikigoma kubanduka)
waliowika kimya tangu mwaka sabini na nne.
Chini ya majogoo, maua ya rangi ya chungwa.
Chini ya maua, mistari ya buluu.
Chini ya mistari, plasta, na penseli ya fundi:
Emil, tarehe, na neno moja, *baridi*.
Nyumba nzima ilivaa kama bibi wa huku atokapo nje,
gauni juu ya gauni juu ya gauni.

Zulia la sebuleni, kijani cha parachichi.
Bafuni, zulia pia. Bafuni!
Nikasali kidogo, nikalikata.

"Kijivu," alisema Corliss, dalali,
kucha zake zikigonga kioo cha simu.
"Mwaka huu wote wanataka kijivu.
Juzijuzi ilikuwa nyeupe na milango ya ghalani,
kabla yake kahawia.
Mwakani anajua Mungu na kiwanda cha rangi."

Kopo limeandikwa Ukungu.
Nikapaka ukungu ukumbini, ukungu ngazini,
ukungu katika chumba alimofia Harlan
akisikiliza bei ya soya redioni.
Mnunuzi asione mtu, aone nafasi.
Mgeni njoo, mwenyeji atoke.

Kisha nikafungua mlango wa stoo.

Upande wa ndani, penseli:
Joyce, 1961. Verlyn, 1963. Verlyn tena,
na pembeni, *bila viatu safari hii*.
Mbwa naye kapimwa, Skipper, kimo cha goti.
Na katikati ya watoto hao,
mwandiko uliotetemeka, wa mwaka jana:
*Ardith, miaka 91. Nimepungua inchi mbili.*

Alijipimaje, sijui.
Labda aliweka kitabu cha mapishi ya kanisa kichwani,
akashika penseli kwa nyuma, akakisia.
Labda alicheka. Hapakuwa na wa kusikia
ila majogoo.

Nilipaka. Sikudanganyi.
Mkopo wa gari haulipwi kwa huruma.
Lakini nilipaka mkono mmoja tu,
na kila mpaka rangi anajua
ukungu wa mkono mmoja hauzimi penseli:
saa kumi jioni, jua la baridi likiingia chini chini
kwa dirisha la sinki,
Verlyn hurudi, na viatu kavua.

Nyumba iliuzwa siku ya nne,
bei juu ya bei iliyotangazwa.
Kina Haverkamp, kutoka Des Moines, mimba ya miezi saba,
wakazunguka wakisema "pana, safi, tulivu,"
wakakalia mito yangu ya kukodi.

Aprili, simu. Mke, mtoto akilia kwa nyuma.
Rangi inamtia usingizi, anasema.
Kaona mahali karatasi za ukutani, za zamani,
zenye majogoo, ndio mtindo sasa,
ila bei yake, mama yangu, bei yake!
Je, najua pa kuzipata?

Nikatazama dampo upande wa pili wa uwanja wa besiboli,
kunguru wakishuka, wakipanda.
Nikamwambia sijui.

Yuko mmoja nyuma ya kiti cha gari langu,
nilimkata kwa wembe, mkia umechanika.
Huyo hauzwi.