Mkate Usio na Chumvi

Kutaisi. Theluji imeziba madirisha ya darasa.
Mwalimu Nateli anaandika ubaoni: TASWIRA.
Sura ya tisa,
mjane anaoka mkate usio na chumvi.
"Mkate huu ni nini?"

Ni taifa, anasema mmoja.
Ni mwili wa Bwana.
Ni njaa ya karne nzima
(hilo limo kwenye mwongozo wa mtihani,
ukurasa wa arobaini).

Otari, mtoto wa mwokaji,
unga bado umo kwenye kucha:
"Amesahau tu, mwalimu.
Wiki tuliyomzika kaka
baba alitoa tanurini mikate mia
isiyo na chumvi hata chembe.
Mtaa ukanunua yote,
ukala, ukanyamaza."

Chaki imesimama hewani.
Nateli anafuta taifa,
anafuta njaa.
Mkate anauacha.