Kisanduku Kisichosahau

Saa tisa usiku, Tabata Kimanga.
Taa za kijani zinapepesa, feni inazunguka,
waya umekaza mdomoni mwake,
na hakuna kinachopita.

Juzi nilimlaumu fundi wa faiba.
Kabla yake umeme; kabla ya umeme, mjusi
niliyemkuta akiota joto juu ya adapta.
Nikizima nikiwasha, kinaamka kama mtoto asiye na kosa,
halafu siku ya nne, ya tano,
kimya.

"Zima, uwashe, tulale," Mwajabu kutoka chumbani.
Sizimi. Leo nataka kukiuliza.

Nacharaza amri. Nashuka kumbukumbu mstari kwa mstari
mpaka huu, uliorudiwa hadi macho yakaniuma:
jedwali limejaa, pakiti imetupwa.

Kumbe hakikuchoka. Kimejaa.
Kila mazungumzo yaliyopita humu kimeyaandika,
kikayatunza siku tano nzima:
katuni za Tunu zilizokwisha Jumatatu,
shemeji wa Maskati aliyekata simu bila kuaga,
mpangaji aliyehama na deni la maji.
Wote wameshaondoka, viti vyao kimevishikilia;
mgeni akipiga hodi, hana pa kukaa.

Nabadili namba moja. Siku tano ziwe saa moja.
Naiandika na kwenye faili,
maana kusahau nako
kuna kusahaulika.

Simu zinaanza kutetemeka mezani.
Msikitini mtu anakohoa kwenye kipaza sauti.

"Kilikuwa na nini?"
"Kilikuwa hakisahau."
Anavuta shuka lote upande wake.
"Namjua mwingine."